Yafaa Tuanzishe Gazeti la Programu Huria, Wala Lisiuzwe



Katika mkutano wa Chama cha Kompyuta uliofanyika muhula huu, sisi pamoja na wenzetu wa shule mbili za jirani tulizungumza juu ya shauri la kuanzisha gazeti dogo la Kiswahili kwa ajili ya wote wanaotumia programu huria katika shule zetu. Mazungumzo yalikuwa marefu, na mwisho wake hatukupatana. Wako waliosema lianzishwe mara moja. Wako waliosema hakuna haja. Na wako waliosema liwepo, lakini liuzwe, tena liwekwe chini ya mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyekubali kugharimia kazi ya kulipiga chapa. Shauri litaamuliwa katika mkutano ujao. Kabla ya siku hiyo nimeona si vibaya nikitoa maoni yangu hapa, ili walimu wetu na wazazi wetu nao wayasome na kuyapima.

Maoni yangu ni haya: gazeti lianzishwe, liandikwe na watu wa kujitolea, ligawiwe bure, na lisiwe mali ya mtu yeyote mmoja. Nitajaribu kueleza sababu zangu moja moja.

Huenda baadhi ya wazazi watauliza, programu huria ni kitu gani? Kompyuta ni kama mpishi asiyejua lolote ila yale aliyoandikiwa. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo programu. Programu nyingi za kuuzwa hutolewa kama chakula kilichokwisha pikwa: waweza kula, lakini huruhusiwi kuingia jikoni kuona kilivyopikwa, wala kumgawia jirani. Programu huria hutolewa pamoja na maelezo yote ya upishi wake. Aliyeipata aweza kuyasoma maelezo hayo, kurekebisha penye kasoro, kuinakili, na kumpa mwenzake, bila ya kuvunja sheria yoyote.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1983 Bwana Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi iliyoitwa GNU, nia yake kutengeneza programu ambazo kila mtu atakuwa huru kuzitumia na kuzibadili. Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21 na angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na watu wa nchi nyingi wakajiunga naye kukiendeleza. Leo simu za wazazi wetu zile za Android zina kiini hicho ndani yake, ingawa wengi wao hawana habari. Mwezi Oktoba 2004 ikatoka Ubuntu, ambayo ndiyo tunayoitumia katika chumba chetu cha kompyuta. Jina hilo limetoka katika lugha za Afrika Kusini, nalo ni ndugu wa neno letu la utu.

Hata sisi Watanzania tumo katika habari hii. Mwezi Desemba mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa kuwa programu ile ilikuwa huria, watafsiri hawakuhitaji kungoja kampuni yoyote ya ng'ambo ione kwamba Waswahili ni soko zuri. Walikaa, wakatafuta maneno, wakafanya kazi. Nataka msomaji alikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia mbele.

Sasa nije kwenye gazeti lenyewe. Kwa nini tulihitaji?

Mwezi Novemba kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Nne hufanya mtihani wa taifa, kisha hufunga masanduku yao na kwenda makwao. Pamoja na masanduku huondoka ujuzi. Mwaka juzi waliondoka ndugu wawili ambao ndio waliokuwa wakizitunza kompyuta za shule. Muhula uliofuata umeme ulikatika ghafla usiku, na asubuhi yake kompyuta 3 zikakataa kuwaka. Zilikaa wiki 5 zimefunikwa vitambaa. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alitaja bei ambayo chama hakikuwa nayo. Mwishowe mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliona daftari kuukuu nyuma ya kabati, na ndani yake nusu ukurasa ulioandikwa na mmoja wa wale walioondoka, ukieleza namna ya kukagua diski kwa amri iitwayo fsck. Alifuata maelezo yale neno kwa neno, na kompyuta 2 zikawaka jioni ile ile. Ya tatu diski yake ilikuwa imekufa kweli.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani kwamba methali hiyo ni ya wenye maduka tu. Mimi naona ni ya wenye ujuzi pia. Nusu ukurasa ule ulitufaa kuliko kompyuta mpya. Na gazeti ni nini, kama si nusu kurasa nyingi za namna ile, zilizokusanywa, zikasahihishwa, na kuwekwa mahali ambapo kila mtu aweza kuziona bila ya kupekua nyuma ya kabati?

Wenzetu waliopinga walitoa hoja nne, nazo si hoja za kudharauliwa. Nitazijibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Hoja ya kwanza ni kwamba mambo haya yote yamo katika intaneti. Ni kweli yamo. Lakini sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, na chumba cha kompyuta hufunguliwa kwetu kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni. Kompyuta ni 18, na foleni ya kuzitumia wengi wetu twaifahamu. Tena, maelezo mengi ya intaneti ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ametoka juzi shule ya msingi, alikosomeshwa kwa Kiswahili. Akikuta maneno ya kigeni 30 katika ukurasa mmoja, tena ya mambo asiyoyajua, hukata tamaa akafikiri kwamba kompyuta ni ya watu wenye akili za pekee. Kumbe lililomshinda ni lugha, kompyuta haina kosa.

Na hata anayejua Kiingereza vizuri, maelezo hayo huwa yameandikwa na watu wenye shida nyingine. Mtu wa mbali aandikapo, hudhani kwamba msomaji wake ana umeme siku nzima, na kompyuta ya mwaka huu, na intaneti isiyokatika. Shida zetu ni kompyuta kuukuu zenye kumbukumbu ya GB 2, vumbi la kiangazi, umeme unaokatika pasipo kuaga, na flashi zilizojaa virusi kutoka maduka ya steshenari. Ni nani atakayetuandikia habari hizo, tusipojiandikia wenyewe?

Hoja ya pili ni kwamba hakuna mtu afanyaye kazi bure, na hata akianza hataendelea. Kwa hoja hii naomba msomaji atazame magazeti matatu yaliyoanzishwa na wapenzi wa programu huria na kompyuta katika nchi nyingine. Kila moja lina fundisho lake.

La kwanza ni Linux Gazette. Lilianzishwa mwezi Julai 1995 na Bwana John Fisk wa Marekani, ili watu wapeane mbinu ndogo ndogo za kutumia Linux. Halikuwa na wafanyakazi wa kulipwa. Lilijazwa na wasomaji wenyewe, kila mtu akiandika alilolijua. Mwaka 1996 lilikabidhiwa kampuni iliyokuwa ikitoa gazeti jingine la kuuzwa, Linux Journal, na kazi ikaendelea vizuri kwa miaka kadha. Lakini mwaka 2003 watu wa kujitolea na kampuni ile hawakupatana tena juu ya namna gazeti litakavyoendeshwa. Wahariri wa kujitolea walihama, wakaendelea na kazi mahali pengine kwa jina lile lile, nayo kampuni ikaendelea na lake. Kwa muda yakawapo magazeti mawili yenye jina moja, na wasomaji wakachanganyikiwa. La watu wa kujitolea lilidumu hadi mwaka 2011.

Naomba tuangalie jambo moja katika habari hiyo. Jina liligombaniwa, lakini kazi ya miaka minane haikupotea. Kwa nini? Kwa sababu makala zilikuwa zimetolewa kwa leseni iliyoruhusu kila mtu kuzinakili na kuzitangaza upya. Waliohama waliweza kuchukua matoleo yote ya nyuma na kuendelea. Kama makala zile zingekuwa mali ya mmoja, wangeondoka mikono mitupu.

La pili ni Full Circle, gazeti la watumiaji wa Ubuntu, lililoanza mwaka 2007 chini ya mhariri wake, Bwana Ronnie Tucker. Si gazeti la kampuni ya Canonical inayotengeneza Ubuntu. Lilitoka kila mwezi kama faili la PDF, likigawiwa bure, na watu wengine wa kujitolea wakalitafsiri kwa lugha zao. Mwaka 2023 lilifikia toleo la 200. Wanaosema kwamba kazi ya kujitolea haidumu watueleze hayo matoleo 200 yalitoka wapi. Siri yake si kubwa. Gazeti lilikuwa na mpango ule ule kila mwezi: kurasa za mafunzo, barua za wasomaji, maswali na majibu. Mwandishi alijua nafasi yake, na msomaji alijua atakuta nini. Halikuanza kwa makeke likafa kwa uchovu.

La tatu ni MagPi, lililokuwa la wapenzi wa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi. Kompyuta hiyo ilitoka Uingereza mwezi Februari 2012, na mwezi Mei mwaka huo huo watu wa kujitolea walikwisha toa gazeti lao la kwanza. Hawakungoja mwaka mzima wa mikutano. Baadaye wasomaji walichanga fedha ili nakala zipigwe chapa kwenye karatasi. Mwaka 2015 watu wa Raspberry Pi wenyewe walilichukua likawa gazeti lao rasmi, na toleo la 40, la mwezi Desemba mwaka huo, likatoka likiwa limebandikwa kompyuta nzima ya Raspberry Pi Zero, ambayo bei yake ilikuwa dola 5, kama zawadi kwa mnunuzi. Waonaje, msomaji? Kazi iliyoanzwa bure ilikua hata wenye fedha wakaiona kuwa yafaa. Lakini ilianza bure, na ilikuwa imekwisha simama kwa miguu yake kabla ya fedha kuja.

Basi, jibu langu kwa hoja ya pili ni kwamba watu hufanya kazi bure pale wanapoona kazi ni yao. Huyo huyo asiyetaka kufagia kwa mwenzake hufagia kwake kila asubuhi. Tena hukosa fedha tu, hakosi faida. Mwalimu wetu mmoja hupenda kusema kwamba huwezi kujua kama umeelewa jambo mpaka umeeleze mwingine naye akaelewa. Mwanafunzi atakayeandika makala moja ya kurasa mbili juu ya namna ya kupanga hesabu za duka katika LibreOffice, akaisahihisha mara tatu, atakuwa amejifunza hesabu, kompyuta na Kiswahili kwa pamoja.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya mfanyabiashara. Bwana huyu ni mtu mwema, nami simsemi vibaya. Ana duka la steshenari na hutengeneza kompyuta. Alisema atalipa gharama zote za chapa. Kwa upande wake alitaka mambo matatu: jalada la nyuma liwe la matangazo yake, gazeti liuzwe shilingi 1,000 ili apate kurudisha fedha zake, na makala zote za kutengeneza kompyuta apelekewe kwanza azitazame.

Jambo la kwanza si baya sana. La pili ni baya kwa sababu shilingi 1,000 kwa mwanafunzi wa bweni ni sabuni ya wiki mbili. Tukiuza kwa bei hiyo, atakayelipata ni yule mwenye uwezo, na mara nyingi huyo ndiye mwenye kompyuta nyumbani. Yule mwenye haja zaidi atalisoma kwa kuchungulia begani kwa mwenzake.

La tatu ndilo linalonifanya niseme hapana. Makala bora kuliko zote tutakazoandika ni zile zitakazomfundisha msomaji kujitengenezea mwenyewe. Ile nusu kurasa ya fsck ilituokolea fedha za fundi. Je, twaweza kumtaka fundi apitishe maandishi yanayompunguzia kazi? Huko ni kumjaribu mtu bila sababu. Hata akiwa mwaminifu kabisa, msomaji atakuwa na shaka, na mwandishi naye ataanza kujipunguzia maneno kabla hajaambiwa. Gazeti la namna hiyo litakuwa na jina la programu huria, lakini lenyewe halitakuwa huru.

Wengine walisema, basi tumkubali kwa mwaka mmoja, halafu tutajitoa. Hao nawakumbusha habari ya Linux Gazette. Kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Watu wale walikuwa wazima, wenye ujuzi na uzoefu, na bado kutengana kuliwaletea taabu. Sisi tunaobadilika kila Novemba tutawezaje? Mwaka wa pili hatakuwapo hata mmoja anayekumbuka tulikubaliana nini.

Hata hivyo, sisemi tumfukuze. Akipenda kutupa rimu moja ya karatasi kwa muhula, tumshukuru kwa moyo wote, na jina la duka lake liandikwe katika ukurasa wa mwisho pamoja na majina ya wengine waliosaidia. Zawadi tupokee, masharti tusipokee.

Hoja ya nne ilitoka kwa mwalimu mmoja, nayo ni kwamba sisi wa Kidato cha Nne tuna mtihani mbele yetu. Mwalimu amesema kweli tupu. Kwa hiyo naona mhariri asitoke Kidato cha Nne. Atoke Kidato cha Tatu, na msaidizi wake atoke Kidato cha Pili, ili mwaka ujao msaidizi awe mhariri. Sisi wakubwa tutoe kitu kimoja tu: kila mmoja wetu aliye mwanachama aandike makala moja, ya jambo moja analolijua barabara, kabla ya mwisho wa mwezi wa Agosti. Hilo halitamwangusha mtu katika mtihani. Na tukiondoka Novemba, masanduku yetu yatakuwa yamebeba nguo na vitabu, lakini ujuzi tutakuwa tumeuacha.

Sasa nieleze namna ninavyoona kazi yenyewe ifanywe, maana ni rahisi kusema yafaa na kuacha wengine watafute njia.

Gazeti liwe dogo. Kurasa 8 zatosha, litoke mara moja kwa muhula. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati yatoa kurasa 4 ndogo; kwa hiyo kurasa 8 zahitaji karatasi 2 zilizopigwa chapa pande zote mbili, yaani pande 4. Kwa bei ya shilingi 100 kwa kila upande, nakala moja ni shilingi 400, na nakala 40 ni shilingi 16,000. Chama chetu kina wanachama 32. Kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa muhula, fedha hizo zimepatikana, wala hatudaiwi na mtu. Nakala 40 zitatosha kuweka moja katika kila darasa, katika kila bweni, maktaba, na chumba cha walimu, na zinazobaki wapewe wazazi siku ya kuja shuleni. Wenzetu wa shule za jirani watapelekewa faili kwa flashi, wapige chapa zao wenyewe. Kila nakala iandikwe mbele: Soma, kisha mpe mwenzako.

Gazeti lipangwe kwa programu huria. Scribus ni programu ya kupanga kurasa, haina malipo, na kwa kompyuta zetu yafaa. Makala ziandikwe katika LibreOffice, ambayo tangu mwaka 2010 inaendeleza kazi ile ile ya OpenOffice waliyoitafsiri watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haitakuwa vizuri kusifu chakula chetu kwa wageni, kisha sisi wenyewe tukala kwa jirani.

Makala zitolewe kwa leseni ya Creative Commons, inayotaja jina la mwandishi na kuruhusu kila mtu kunakili. Leseni ya namna hiyo hatuna haja ya kulipia wala kwenda kwa wakili; huandikwa mstari mmoja chini ya ukurasa. Lakini mstari huo ndio utakaolilinda gazeti siku ya ugomvi, kama ulivyowalinda wale wa Linux Gazette.

Pia iwepo kanuni moja ngumu: makala yoyote ya kufundisha isipigwe chapa kabla haijajaribiwa. Na mjaribu awe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, si bingwa. Apewe karatasi na kompyuta, mwandishi akae kimya pembeni. Pale mwanafunzi atakapokwama, ndipo maandishi yatakapokuwa na kosa. Bingwa akisoma hujaza mwenyewe mapengo kichwani, asiyaone. Mgeni hutumbukia ndani yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwisho ni lugha. Najua tutapata taabu ya maneno. Wengine watataka kila neno liwe la Kiswahili cha vitabuni hata lisieleweke, na wengine watachanganya Kiingereza katika kila mstari. Naona tufuate njia ya kati. Neno ambalo watu wanalo tayari, kama faili, flashi au skrini, tulitumie. Neno geni tulieleze kwa maneno machache mara ya kwanza, halafu tulitumie vile vile kila mara. Katika kila toleo, robo ya ukurasa iwe orodha ya maneno 10. Kwa mihula miwili ya mwaka tutakuwa na maneno 20, na kwa miaka mitano 100. Haba na haba hujaza kibaba. Watafsiri wa Kilinux walianza hivyo hivyo, neno baada ya neno, bila ya kungoja ruhusa ya mtu.

Nina ombi kwa wazazi. Mtoto wako akija likizo na gazeti hili, usimwulize limelipa shilingi ngapi. Mwombe akusomee ukurasa mmoja na akuonyeshe jambo moja alilojifunza. Nanyi walimu wetu, twaomba mtusahihishe Kiswahili na ukweli wa mambo, lakini kazi mtuachie, hata ikiwa itakuwa na mikunjo kidogo. Tusipojifunza kuendesha jambo dogo kama hili sasa, na tukiwa na ninyi karibu, tutajifunza lini?

Na ninyi ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, gazeti hili ni lenu zaidi kuliko letu. Sisi tutaliona toleo la kwanza, na labda la pili. Msifikiri kwamba hamjui kitu cha kuandika. Aliyejua jana namna ya kuhifadhi faili asilipoteze, leo aweza kumwandikia yule ambaye bado hajui. Na swali zuri pia ni makala, lileteni.

Haya ndiyo maoni yangu. Aliye na maoni mengine ayalete katika mkutano ujao, au ayaandike katika gazeti hili hili la shule, nami nitayasoma kwa furaha. Wanaokubali waandikishe majina yao kwa katibu wa Chama, pamoja na jambo moja watakaloliandikia. Daftari liko juu ya meza katika chumba cha kompyuta, na safari hii halikuwekwa nyuma ya kabati.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Kompyuta